Kunguni wa Mbaazi

Mwezi uliopita nilikuwa Masasi, huko kusini, kwa shughuli zangu, nikasimama sokoni kuchagua mbaazi mbichi. Juu ya ganda alikuwa amekaa mdudu wa kijani, bapa, mabega yamepanuka. Nilipomgusa akatoa ile harufu yake. Ndugu yangu, nilishindwa hata kuuliza bei.

Nyumbani Maisaka, pembezoni mwa Babati, tulimwita kunguni wa mbaazi. Babati ilikuwa ndiyo kwanza imefanywa makao makuu ya mkoa, magreda yanachonga barabara, lakini sisi bado tulilima. Baridi ya mwezi wa saba, kabla ya shule, mama alitupa ndoo ya maji ya sabuni. Tulitikisa matawi wakati kunguni bado wamekufa ganzi kwa umande, wakadondokea ndani. Mikono ilinuka mpaka makande ya mchana yakawa na ladha yao. Na bado walituzidi. Baba alipasua ganda, akakuta punje zimesinyaa, zimefyonzwa. Akalitupa, akapasua jingine.

Mwaka ambao hatukupata hata mbegu, alisema atatafuta shamba mahali wasipofika.

"Shemeji, usijisumbue," jirani yetu mfanyabiashara alimwambia. "Kwetu Kilosa wapo. Kwa mjomba wangu Songea wapo."

"Hawawezi kuwa kila mahali," baba alijibu.

Mama alimfungia viazi vitamu vya kuchemsha, baba akapanda basi. Baadaye dereva mmoja alituletea salamu: amepata shamba kusini, maua ni safi, tujiandae. Tukajiandaa. Mama alikunja hata mapazia. Hatukusikia tena habari zake.

Nilipokuwa mtu mzima ndipo nilipojua kwamba mdudu yule yuko nchi nzima, na ng'ambo pia. Popote baba aliposhuka, mdudu alikuwa amemtangulia. Nadhani maua yalipokuwa maganda aliwaona kunguni, akaona aibu kurudi mikono mitupu. Sisi tulimtaka hivyohivyo.

Mama alipokuwa mgonjwa, nami nimeshaanza safari za kusini, aliniuliza, "Huko kusini, umemuulizia baba yako?"

"Nimeulizia, mama."

"Uulizie tena."

Tulimzika mama mwaka jana. Shamba letu la Maisaka lilishapimwa viwanja zamani, limejaa nyumba za wapangaji na kuta za matofali, na jirani alihama. Baba akishuka stendi leo na kutembea mpaka pale, hakuna atakayemtambua.