Mtu Wangu wa Songo Songo

Mimi hasira zangu ziko karibu, najijua. Lakini jamani, mtu akikuuliza kila Jumapili kwenye simu, "Huyo mtu wako hajambo?" nawe ukajibu, "Hajambo, mama, anakusalimia," utasema umedanganya? Miaka mitatu nimejibu hivyo. Mama yangu, Yustina, mkulima wa Miteja, hakuuliza mtu huyo ni mwanamume au mwanamke, na Kiswahili chetu hakikunilazimisha kusema. "Anapika?" "Anapika." "Anakupenda?" "Ananipenda." Uongo uko wapi hapo?

Mtu wangu anaitwa Nurdin. Ni fundi wa injini za boti Songo Songo, na akipata nafasi anakuja hapa Nangurukuru, ninapokaanga chapati stendi. Watu wanatuita marafiki. Nampenda, basi. Nikijiuliza mimi ni nani hasa, Mmatumbi, Mkatoliki, mwanamume anayempenda mwanamume, kichwa kinaniuma, naacha.

Sasa wiki iliyopita mama akatokea bila hata kubip, na doti ya kanga mpya kwenye kikapu. "Nimekuja kumwona mkwe," akasema. "Yuko wapi?"

Yuko wapi! Yuko kwenye benchi, anakunywa chai, kandambili moja imemtoka mguuni. Wateja walikuwa wamekimbilia basi la Lindi, tukabaki watatu. Ningeweza kusema amesafiri. Baba alishafariki, ndugu sina, na mama akinikana nabaki na nani? Lakini nilikuwa nimechoka kuchagua maneno.

"Ndiye huyu, mama."

Nurdin akasimama, chai ikamwagika. "Shikamoo, mama."

Mama hakuitikia. Akamtazama, akanitazama, akatazama kikapu chake. "Kornelio, huyu si mwanamume?"

"Ni mwanamume."

"We, unaitwa nani?"

"Nurdin."

"Mungu wangu! Mwislamu tena!"

Nikacheka, kwa woga. Mama akanikata jicho. Akakaa, akala chapati moja polepole.

"Mama, umekasirika?"

"Geuza, inaungua."

Nikageuza. Ilikuwa imeshaungua.

Gari la Somanga lilipofika, alikataa nimbebee kikapu. Akambebesha Nurdin. Mimi nilikuwa na mafuta motoni, nikabaki kuwaangalia tu kwa mbali: konda anapiga bodi, mama yuko mlangoni, anatoa ile doti, anampa Nurdin, midomo inacheza. Gari likaondoka.

Nurdin aliporudi, nikamvamia. "Kasemaje?"

"Kaniitikia. Kasema marahaba."

"Halafu?"

"Halafu kasema 'itunze'. Au 'mtunze'. Injini ilikuwa inanguruma."

"Fundi injini mzima unashindwa kusikia kwa sababu ya injini? Itunze ni kanga! Mtunze ni mimi!"

"Wallahi sijui, Kornelio."

Nikamlazimisha aseme kama mama alivyosema. Akasema, akarudia, akarudia tena, mpaka akachoka. Mara nasikia kanga, mara nasikia mimi. Nilimtukana, kisha nikalia, kisha nikamwomba radhi.

Leo Jumapili. Mama hajapiga. Simu ninayo mkononi tangu asubuhi, na namba yake iko hapa, kubonyeza tu nimuulize alisema lipi. Naogopa. Akiniambia ni kanga, nitakwenda wapi?