Mgeni Asiyelowa

Nitakachokuambia kilinipata mimi mwenyewe, hapa Sotik mjini, mchana kweupe. Nasema hivyo mapema kwa sababu nawajua watu. Ukitaja mzimu, wanakuuliza ulikuwa umekunywa nini. Mimi sinywi, naimba kwaya kanisani, na siku hiyo nilikuwa na chai na mandazi mawili tu tumboni. Mizimu ya watu wengine huja usiku wa manane. Wangu ulikuja saa tisa mchana, mvua ya mawe ikinyesha, ukaomba kiti.

Mimi ni fundi wa simu. Wazazi wangu walitoka upande wa ziwa kuja kufanya kazi kwenye kiwanda cha majani chai, nikazaliwa huku, nikasoma huku, na sasa nina kibanda changu karibu na stendi: meza, kompyuta, na kabati la kioo la kuonyeshea kava na chaja. Kubadilisha skrini ni kazi ya kunipa ugali. Ninachopenda hasa ni kufufua simu zilizotupwa na kampuni. Si unajua? Simu ikizeeka kidogo, walioitengeneza wanaacha kuiletea mfumo mpya, programu zinaanza kuikataa, na wewe unaambiwa ukanunue nyingine. Na simu yenyewe ni nzima! Kinachozuia ni kufuli ya ndani kabisa, tunaiita bootloader. Ni kama askari wa getini: simu ikiwashwa yeye ndiye huamka kwanza, na mfumo usio wa kampuni hauruhusu kupita. Ukiifungua, unaweka mfumo mwingine na simu inaishi tena. Lakini kuna sharti moja chungu. Ukiifungua, simu inajifuta yote. Picha, sauti, namba za watu, kila kitu kinaenda na hakirudi.

Hayo sikufundishwa chuoni. Nilifundishwa kwenye kundi letu la mtandaoni, na hasa na mtu mmoja tuliyemwita Mwalimu. Tulijua tu kwamba ni wa Kiptere. Sura yake hatukuwahi kuiona, picha yake ilikuwa jani la chai. Yeye ndiye aliyetengeneza mfumo mpya wa simu moja ya bei nafuu ambayo wakulima wengi wa huku wanayo, akautoa bure. Ukiandika kwamba simu ya mteja imekufa mkononi mwako na mwenyewe yuko njiani kuichukua, Mwalimu alijibu, "Nakuja, dakika moja," na kweli alirudi na jibu. Halafu akanyamaza. Miezi ikapita. Tukadhani amepata kazi Nairobi na kutusahau.

Sasa, siku hiyo alikuja mama mmoja wa makamo, sweta limefungwa vizuri hadi shingoni, akaweka simu mezani kwa mikono miwili, ile ile ya bei nafuu ya wakulima.

"Ni ya kijana yangu, Kibet," alisema. "Alianguka na pikipiki hapo chini ya mashamba. Alilala kwa mvua mpaka asubuhi ndio watu wa kuchuna majani wakamwona. Sasa dada yake anaenda college na hana simu. Nifungulie."

"Pole sana, mama. Pattern yake, ile alama ya kuchora ya kuifungulia, mnaijua?"

"Hakuna mtu anajua."

Nikamweleza ukweli. Kuifungua naweza, lakini kwa njia ya kifundi, na itakuwa tupu.

"Hata sauti yake haitabaki?"

"Hata sauti, mama."

Kisha akasema, "Kwa mazishi tuliweka picha ya kitambulisho. Hiyo haifanani na yeye. Hapo amekasirika, na Kibet alikuwa mtu wa kucheka." Akajipangusa uso kwa kitambaa. "Fungua tu, msichana wangu. Mtoto lazima asome."

Akavuka barabara kununua unga kabla mvua haijaanza. Mimi nikabaki na ile simu, na niamini, roho iliniuma. Nilitamani angekataa. Lakini alikuwa ameamua, na uamuzi wake ulikuwa wa mzazi. Nikaichomeka kwenye kompyuta. Ajabu ya kwanza ilikuwa hapo: kuna ruhusa ambayo mwenye simu lazima aiwashe mwenyewe kabla hujaweza kufungua bootloader, na hiyo ilikuwa imewashwa tayari. Nikajua marehemu hakuwa mgeni wa mambo haya. Lile onyo likatokea kwenye skrini, ndiyo au hapana. Nikaweka kidole kwenye kitufe.

Hapo mawe yakaanza kupiga mabati. Ukitaka kujua mvua ya huku, jaribu kuongea na jirani yako wakati huo. Husikii kitu. Na katika kelele hiyo akaingia kijana aliyevaa koti la plastiki la wachuna chai, kifungo cha shingoni hakipo, ana mwanya kwenye meno ya mbele.

"Chamgei, fundi," akanisalimu kwa Kikalenjin.

"Chamgei mising."

"Naomba kukaa kidogo."

Nikamsukumia stuli kwa mguu. Baadaye ndipo nilipojiuliza: nilimsikiaje? Hakupaza sauti hata kidogo, na nilimsikia kama tuko peke yetu chumbani.

Akaitazama skrini. "Hiyo ukibonyeza yes, imeenda."

"Najua," nikamjibu kwa ukali. Kila mtu akiingia kwa fundi wa simu anakuwa fundi.

"Na mama amekubali?"

"Amekubali. Na wewe umejuaje ni ya mama?"

Kioo cha kabati kilikuwa kimeshika ukungu kwa ile baridi. Akanyoosha kidole akachora polepole: kutoka pembeni juu, akashuka, akakata kwenda upande wa pili, akapanda, akarudi katikati. "Jaribu hii kwanza," akasema. Hakuwa ananiamuru. Alikuwa anaomba, na macho yake yalikuwa ya mtu anayeogopa kukataliwa. Nikachagua hapana. Nikaiwasha simu upya.

"Nakuja, dakika moja," akasema, akainuka, akatoka.

Nilimtazama akitoka. Mawe yalikuwa yamefunika ardhi nyeupe pe, na nyuma yake hapakuwa na alama ya kiatu. Nikageuka kutazama stuli. Hakuna tone. Koti lake halikuwa na tone tangu aingie.

Nikachora ile alama kwenye simu. Ikafunguka.

Sikugusa chochote. Nilikaa nimeikumbatia hadi mama aliporudi, na video ya mwisho tuliifungua pamoja. Kijana mwenye mwanya ameketi mezani, koti la plastiki limetundikwa nyuma yake, kifungo cha shingoni hakipo. "Wenzangu," anasema, "leo nawaonyesha vile ya kufufua hii simu yetu." Huyo alikuwa Mwalimu wetu, maana mfumo wa simu hiyo ni yeye tu aliyeutengeneza. Kabla hajaendelea, sauti ya mwanamke inaita kutoka nje, "Kibet! Chai inapoa!" Naye anageuka, anacheka. "Nakuja, mama! Dakika moja!"

Mama alishika meza. "Huyo mwenye anaita ni mimi," akasema. "Rudisha. Rudisha tena."

Tulirudisha hadi mvua ikakatika, wote wawili tukilia bila aibu. Ndipo nikamwambia nani aliyenipa ile alama. Nilidhani atanifokea au atakimbia. Aliniuliza jambo moja tu.

"Alikuwa amelowa?"

"Hapana, mama. Alikuwa mkavu kabisa."

Akafumba macho, akavuta pumzi ndefu. "Basi ni sawa," akasema. "Hiyo ndio ilikuwa inaninyima usingizi."

Nilihamisha kila kitu kwenye simu ya mama, kisha nikaifungua ile ya Kibet kwa njia yetu na kumwekea msichana mfumo ule ule aliotengeneza kaka yake. Mpaka leo, mvua ya mawe ikinyesha na kioo kikashika ukungu, ile alama inatokea. Nimekisugua kwa spiriti, nimekisugua kwa sabuni, haitoki, na sasa nimeacha kusugua. Stuli pia huwa naiacha wazi.

Na wewe unayenisikiliza, usinicheke kwanza. Simu yako iko hapo mfukoni, imefungwa, na ni wewe peke yako unayejua kuifungua. Mwonyeshe mtu mmoja unayempenda. Fanya hivyo leo, kabla hujatoka. Kibet alipata nafasi ya kurudi kuonyesha, na alibahatika kumkuta fundi ambaye kidole chake kilikuwa hakijabonyeza.