Nani Atauliza Habari za Mbuzi

Ipo siku moja ya Desemba, mwanangu Mumbua, ambayo hunirudia kila nikisikia simu yako ikilia hapo mezani na wewe ukicheka peke yako. Siku hiyo nilikuwa mjini Kwa Vonza, kwenye hoteli ya nyama choma, nimevaa gauni jipya, na furaha yangu ilikuwa ya bibi harusi. Sisi hatukuwa na kundi la WhatsApp. Tuliomaliza chuo cha ustawi wa jamii pamoja tulikubaliana kukutana pale kila mwisho wa mwaka, tule nyama, kisha kila mmoja asimame aseme amefika wapi. Ilikuwa kama kutoa ushuhuda kanisani, ila badala ya kusema Bwana amekutoa wapi, ulisema umepata cheo gani.

Na tulitia chumvi, usidhani nyinyi ndio mlioanza. Mmoja alikuwa akiuza dukani kwa shemeji yake, akasimama akasema yuko kwenye biashara. Mwingine alisema anafanya kazi na Wazungu, na kweli alikuwa nao, akiwatunzia watoto. Hakuna aliyewahi kusimama akasema amekwama.

Zamu yangu ilipofika nilisimama kama mtu anayekwenda kupokea kombe. Niliwaambia nimepata kazi Nairobi, kwenye shirika kubwa la watoto, naanza Januari, na nyumba nitapewa. Walipiga makofi mpaka mwenye hoteli akaja kuangalia kuna nini. Rafiki yangu Katunge, tuliyeishi naye chumba kimoja chuoni, alinikumbatia akitokwa na machozi. Yalikuwa ya furaha, na wivu kidogo ulikuwamo ndani yake. Ningekuwa yeye ningelia vilevile.

Wakati huo nilikuwa Mutomo. Wewe unayefanya kazi huko leo umeijua Mutomo ya lami na stima. Yangu ilikuwa ya vumbi na mbuzi, na ng'ombe ambao mbavu zao ungeweza kuzihesabu ukiwa barabarani. Kazi yangu ofisini ilikuwa watoto: waliofiwa, waliotoroka nyumbani, waliogombaniwa na watu wazima. Mkubwa wangu alikuwa Bwana Musembi, mtu mrefu, mpole wa sauti, aliyekuwa na tabia ya kunyamaza mpaka wewe mwenyewe ujione mjinga.

Niliporudi kutoka Kwa Vonza nilimweleza habari zangu. Alinipa mkono, akanipongeza, akaniambia niketi.

"Hiyo habari umeambia wenzako wote?" akauliza.

Nikasema ndiyo, wote.

"Na Syokau, umemwambia?"

Syokau alikuwa mama mzee aliyeishi ng'ambo ya mto mkavu. Hakujaliwa kuzaa. Mume wake alipofariki, alifanya jambo ambalo wanawake wa Ukambani wenye hali kama yake wamelifanya tangu zamani: alioa. Usitabasamu hivyo, unajua ninachosema. Alimwoa msichana aitwaye Ndinda, akatoa mbuzi kwao kama mwanamume yeyote angefanya, ili nyumba yake isizimike. Mke wa namna hiyo tunamwita iweto. Ndinda akazaa watoto wawili, Mutua na Kanini, na hao wakawa wa nyumba ya Syokau, wakimwita susu, maana ndiye nyanya waliyemjua.

Halafu Ndinda akaugua akafa. Matanga hayajapoa vizuri, akaja kaka yake, Muthui, kutoka upande wa Kibwezi, akidai wapwa wake. Alisema yule mzee si ndugu yao hata kidogo, hakuzaa mtu aliyewazaa, na damu ya dada yake haiwezi kulelewa na mtu baki. Sitasema alikuwa mtu mbaya. Nadhani kumdai Mutua na Kanini ilikuwa njia yake ya kumlilia dada. Lakini pia alikuwa na ng'ombe wengi, na Mutua alikuwa ametimiza umri wa kuchunga.

Kesi ilikuwa isikizwe Kitui mwezi wa kwanza, wiki ileile niliyotakiwa Nairobi. Nilikuwa nimeshaikabidhi kwa mwenzangu wa ofisini, kijana mzuri, mchapakazi, aliyetoka magharibi na ambaye Kikamba chake kiliishia kwenye salamu. Nilimweleza kwa ufupi kwamba Syokau ni nyanya wa watoto. Neno iweto sikulitaja. Nilikuwa mwimbaji wa kwaya, mchungaji wetu alikuwa akikemea mambo hayo madhabahuni, na mimi na diploma yangu niliona haya kulitamka mbele ya mtu wa kabila lingine. Sikufikiria kwamba Muthui angeuliza swali moja tu, nyanya kupitia mtoto wake yupi, na yule kijana asingekuwa na jibu.

Nilimwambia Bwana Musembi kwamba mambo ya Syokau yameshashikwa na mwenzangu. Akatikisa kichwa. "Mpelekee habari zako vile ulipelekea wenzako," akasema. "Kwa mdomo wako." Kisha akaendelea kukoroga chai yake.

Nilikasirika, mwanangu. Nilikuwa nimetarajia baraka, nikapewa safari ya juani. Na hadi leo naona angeweza kuniambia kwa upole zaidi. Mtu anayekupa neno la kweli huku anakoroga chai anaudhi sana.

Nikaenda. Syokau alinipakulia muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, akanipa kigoda kizuri na yeye akakaa kwenye gunia. Kanini alikuwa ameegemea goti lake, akicheza na pindo la leso yake. Nilipomwambia habari zangu alifurahi kwelikweli. Alinishika mikono miwili, akasema Ngai, Mungu wetu, ameniona, akasema mama yangu ana bahati. Nikashusha pumzi. Nikajiambia, kumbe ilikuwa rahisi hivi.

Kisha akauliza kama huyo atakayekuja baada yangu ni Mkamba. Nikasema hapana. Akauliza kama anajua kwamba yeye alioa. Nikaangalia sahani yangu. Alipozungumza tena hakuwa na hasira.

"Mbuzi wa ntheo alichinjwa kwa kina Ndinda. Muthui alikula hiyo nyama, nikimwona na macho yangu. Sasa wewe ukienda, ni nani atauliza habari za mbuzi?"

Ntheo unaijua, maana dada yako alifanyiwa juzi tu. Mbuzi akishachinjwa kwa kina msichana na watu wao wakala, ndoa imekuwa ndoa. Aliyekula hawezi kugeuka kesho akasema hajui binti yao alikwenda wapi. Hilo linajulikana na kila mtu hapa kwetu, na ndiyo sababu halikuwa limeandikwa mahali popote penye mhuri.

Kama Syokau angelia, ningembembeleza nikaenda zangu. Kubembeleza tulifundishwa chuoni, na mimi nilifaulu vizuri. Lakini hakulia wala hakuniomba nibaki. Aliuliza tu, kama mtu anayeuliza ni nani atafunga zizi.

Nilipiga simu Nairobi nikaomba nianze baada ya kesi. Walinijibu kwa adabu kwamba nafasi haiwezi kukaa wazi. Baadaye nilisikia aliyeipata ni Katunge.

Mahakamani Muthui alizungumza vizuri kuliko nilivyotegemea. Hakimu, ambaye hakuwa wa huku kwetu, alikuwa akiitikia kwa kichwa. Nami niligeuka kidogo nikamwona mchungaji wetu ameketi benchi la nyuma, amekuja kwa kesi ya mpaka wa shamba la kanisa. Nikasimama, nikalitamka lile neno, iweto, nikaeleza ndoa ya Syokau na Ndinda mwanzo hadi mwisho bila kumtazama mchungaji. Halafu nikaomba ruhusa ya kumuuliza Muthui jambo moja: kama mbuzi wa ntheo alichinjwa kwao.

Muthui alitazama viatu vyake. Wazee wa ukoo wake walikuwa wameketi hapo hapo, na hakuna hata mmoja aliyemsaidia kwa neno.

"Alichinjwa," akasema. "Na nilikula."

Hakimu aliniuliza maana ya jibu hilo, nikamweleza. Watoto walibaki kwa Syokau. Muthui alikubaliwa kuwatembelea, na alikuwa akija kila likizo, anawaletea maziwa ya mgando na kuketi na yule mzee kama shemeji na shemeji. Mchungaji naye hakunisemesha mpaka Pasaka.

Desemba iliyofuata nilisimama Kwa Vonza nikasema, "Bado niko Mutomo," nikaketi. Makofi yalikuwa machache, ya adabu. Katunge alikuwa amekuja na gari, na sitakuficha, roho iliniuma. Iliniuma miaka mingi, hasa mvua ikinyesha na paa la nyumba yangu likivuja. Katunge alifanya kazi nzuri kule, watoto wengi wanamkumbuka, kwa hiyo usinisikie vibaya. Sijasema Nairobi ni dhambi.

Sasa nina machungwa yangu hapa Kilungu na magoti yasiyotaka mlima. Mutua ana karakana ya kuchomelea vyuma Kwa Vonza, si mbali na ile hoteli. Kila Desemba ananipigia simu kunieleza amefika wapi, hata mwaka ambao hakufika popote. Mwaka huu aliniambia mkewe amejifungua msichana na wamempa jina la Syokau. Nilikuwa shambani. Nilikaa juu ya ndoo nikalia, na sikuona haya.

Kwa hiyo nisikilize, mwanangu. Jana ulikuja kunionyesha picha uliyowatumia wenzako, wewe na barua ya kazi ya Nairobi, na pongezi zote zile. Nimefurahi, nimewapigia simu hata shangazi zako. Kazi hiyo ichukue. Mimi niliikosa yangu, sitaki uikose yako. Lakini usiku wote nimemfikiria yule mama wa Mutomo uliyenisimulia mwaka mzima, mwenye mtoto asiyesikia, uliyemwahidi utamtafutia nafasi shuleni. Nilipokuuliza kama anajua unaondoka, ulisema mwenzako wa ofisini atamweleza.

Nenda ukamweleze wewe. Wenzako wa chuo watafurahi leo, na kesho kuna mwingine mwenye picha. Huyo mama ndiye habari zako zinamgusa. Kaa kwake, kula anachokupa, umsikilize atakachouliza, maana atauliza jambo ambalo hukuliandika mahali popote. Jibu lake mpe huyo anayeshika kazi yako, au kama haliwezi kubebwa na mtu mwingine, ulibebe mwenyewe mpaka mtoto aingie darasani, hata ukiwa Nairobi. Ukimaliza hayo, panda gari lako na usiangalie nyuma. Na siku mtakapokutana na wenzako kusema mmefika wapi, wataje watu. Cheo kitasahaulika kabla nyama haijaisha.

Najua Mutomo si njia ya Nairobi. Ukitoka hapa Kilungu ni kurudi nyuma kabisa, na jua la huko unalijua. Nenda tu.

Sasa lete viganja vyako nivitemee mate ya baraka, kama susu yangu alivyonifanyia mimi. Mikono hii isikose kazi. Mlango utakaoubisha ufunguliwe, na utakaoufunga uufunge vizuri. Ngai akutangulie Mutomo kwanza, halafu Nairobi.