Kona ya Baba Karibu na Kashebere

Harufu ya udongo uliochimbuliwa baada ya mvua hunirudisha kwenye kona moja karibu na Kashebere, ambako baba yangu alikuwa kapita, msimamizi wa watu wa kutengeneza barabara. Ilikuwa miaka ya hamsini. Mzungu aliyesimamia kazi hiyo alikuja na kofia yake nyeupe, magoti yake mekundu na pimamaji ambayo hakumruhusu mtu kuigusa. Aliamuru kona ilazwe upande wa korongo, ili maji ya mvua yamwagikie huko. Baba alivua kofia, akasema polepole, "Bwana, maji itaenda kule, na kamio itaifuata." Yule bwana hakumtazama hata usoni.

Sisi watoto tulilijua jambo lile kwa kukimbiza rimu za baiskeli. Kwenye kona, rimu husimama tu ikiinamia ndani. Ukiilaza nje, inakwenda moja kwa moja hadi vichakani. Gari ni vilevile. Halipendi kukata kona, linataka kunyooka, na barabara iliyoinamia mlimani ndiyo inayolishika. Mimi, binti wa miaka minane, nililijua. Bwana mwenye pimamaji hakulijua. Mvua ya kwanza iliponyesha, kamio moja, lori lililojaa mafuta ya mawese, iliteleza ikaenda korongoni, dereva akavunjika miguu. Yule Mzungu mpumbavu akaandika kwamba baba alichimba vibaya, na baba akafungwa mwezi mzima. Mama alimpelekea ugali gerezani, nami nilimfuata nyuma nikilia kwa hasira. Alipotoka, baba aliilaza kona upande wa mlima bila kumwomba mtu ruhusa, akachimba na mfereji wa maji huko huko. Bwana alipita na gari lake, akashuka, akajishika kiuno. "Unaona?" akasema. "Njo vile, ndivyo nilikufundisha." Baba akajibu, "Ndiyo, Bwana," akaendelea kuchimba.

Siku hizi hakuna anayeitunza barabara ile, matope yanafika magotini, lakini kona ya baba bado inainamia mlima. Juzi mjukuu wangu anayesoma Goma alinionyesha daftari lake la fizikia: gari limechorwa kwenye kona, barabara imelazwa ndani, herufi za hesabu zimejaa pembeni. Nikamuuliza hesabu hiyo imetoka wapi.

"Koko, ni ya zamani sana," akaniambia mimi bibi yake. "Bazungu njo balituletea."

Basi walikuwa nayo vitabuni siku zote, na baba yangu akalala gerezani kwa kuijua.