Esteria na Pikapu Iliyopigwa Tupa

Barua ilimkuta Esteria Kasian akiwa bado na plasta kwenye paji la uso. Ilikuwa na mistari sita tu, na mmoja ulisema kwamba ajali ya njia ya Nyabibuye ilisababishwa na "uzembe wa dereva pamoja na woga wa kike". Aliisoma mara tatu akiwa amesimama mlangoni pa stoo ya hospitali. Woga wa kike! Miaka kumi na mmoja alikuwa akiendesha gari kwenye milima ile, na hakuwahi kugonga hata kuku wa mtu.

Alikuwa mzaliwa wa Nyakitonto, mtoto wa mkulima wa maharage. Udereva alifunzwa na kaka yake Makarius, aliyekuwa na lori la mazao. Siku za mwanzo wanaume wa gulioni wakimwona anakuja walikuwa wakikimbilia majanini kwa mzaha, wakishika vichwa, kana kwamba anakuja kuwamaliza. Aliwazoea. Baadaye hospitali ndogo ya misheni nje ya mji wa Kibondo ikamwajiri, akakabidhiwa pikapu kuukuu ya petroli, ya kubeba dawa na wagonjwa. Ilikuwa nzito kupanda mlima, hilo hakuna aliyebisha. Lakini Esteria aliijua: alijua ni wapi pa kushusha gia mapema, na ni kona ipi ya kuingia polepole.

Mwanzoni mwa mwaka 2013 akaja Bwana Brighton, msimamizi mpya wa magari, kijana mchangamfu kutoka Dar es Salaam, kompyuta yake begani. Hakuwa mtu mbaya ukikaa naye kwenye chai. Tatizo lake lilikuwa moja: kila alichokisoma jana, leo alikijua kuliko wote.

"Dada Esta, gari hili linakosa pumzi," alimwambia siku moja, boneti ikiwa wazi. Akagonga kile kipande cha alumini kinachopitisha hewa kwenda kwenye injini. "Huko Marekani wenye pikapu wanajitengenezea wenyewe nyumbani. Wanafungua hapa, wanapiga tupa huu ukingo wa ndani, njia ya hewa inapanuka. Ukigusa mafuta tu, gari linaruka."

"Humo ndani mna kisahani kinachofungua na kufunga hewa, Bwana Brighton," Esteria akamjibu. "Kisipokaa sawasawa, nikiachia mafuta injini haitasikia. Kama ni lazima, tumpelekee fundi kule Kasulu."

"Fundi wa nini? Nimeangalia video nzima."

Jumamosi iliyofuata Esteria alikuwa Kasulu, msibani kwa shangazi yake. Jumatatu alipowasha gari alijua palepale kwamba limeguswa. Lilikuwa likiruka kweli ukikanyaga, lakini ukiinua mguu liliendelea kunguruma kwanza, kama mtu anayebishana, ndipo lishuke. Akaenda ofisini kulalamika. Brighton alicheka.

"Si mlikuwa mnalia gari zito? Utazoea."

Siku ya nne wakaitwa Nyabibuye kumchukua mama mjamzito, Immakulata, aliyeshikwa na uchungu tangu alfajiri. Muuguzi Aneth alikaa naye nyuma, pamoja na mama mkwe wa Immakulata. Wakiwa njiani kurudi, wanaanza kuteremka mlima, Esteria akaachia mafuta. Injini haikushuka. Akapenyeza kidole cha mguu chini ya pedali akaivuta juu. Ilikuwa juu tayari. Gari likazidi kushika kasi. Breki zikaanza kunuka. Mbele palikuwa na kona, kushoto bonde. Akakanyaga klachi, injini ikapiga yowe, akazima swichi. Usukani ukawa mzito kama jiwe, breki zikawa ngumu. Kwa nguvu zote akalielekeza gari kwenye ukuta wa udongo upande wa kulia, likaugonga na kusimama.

"Mawe! Mawe!" mama mkwe alikuwa akilia kwa Kiha, akimwita mama yake.

Esteria aliruka chini huku damu ikimwingia jichoni. Mkono wa Immakulata ulikuwa umevunjika. Na mtoto hakungoja gari lingine. Aneth alimpokelea pale pale kandokando ya barabara, juu ya kitenge, wa kike, akalia vizuri. Lori la mahindi lililopita baada ya saa nzima ndilo lililowachukua.

Esteria alibaki na gari. Akatoa spana chini ya kiti, akafungua kile kipande. Kisahani kilikuwa kimelala upande. Skrubu moja ilikuwa imelegea, na ukingo wa kisahani ulikuwa umenasa kwenye mfereji uliochimbwa na tupa. Akakizungushia kitambaa, akakitia mkobani. Alijua kabisa angekiacha hapo kesho yake asingekikuta.

Sasa wakamwita kwenye kikao, yeye, Brighton na Daktari Reverien, mganga mkuu. Barua ilikuwa mezani, na kalamu.

"Saini tu, dada, yaishe," Brighton akasema kwa upole. "Hufukuzwi. Ni onyo."

Yaishe! Esteria akakitoa kile kipande mkobani, akakiweka juu ya barua, mafuta meusi yakaanza kuenea kwenye karatasi.

"Daktari, ingiza kidole humu."

Daktari akaingiza, akakitoa haraka.

"Hiyo mikwaruzo ni ya tupa. Mimi tupa sina. Aliye nayo amekaa hapo."

"Nilikuwa na nia njema," Brighton akasema, macho chini.

"Nilipokuja kukuambia injini haishuki, ulinijibu nini? Mwambie daktari. Ulinijibu utazoea! Yule mama angezoea bonde? Halafu unakaa kwenye kiti unaniandika mimi mwoga!"

"Punguza sauti, Esteria," daktari akasema.

Hilo ndilo lililomchoma kuliko barua yenyewe. Mtu ameharibu gari la wagonjwa, ameandika uongo, wala hajakemewa. Anayeambiwa apunguze sauti ni yeye. Hakuipunguza. Alisema hatasaini, akatoka, mlango ukajibamiza nyuma yake.

Miezi miwili baadaye Brighton alihamishiwa Kigoma mjini. Walimfanyia sherehe ya soda na keki. Pole hakuitoa. Gari lilitengenezwa Kasulu kwa kipande kingine, likarudi na uzito wake wa zamani, na Esteria akarudi kwenye usukani. Lakini barua ilikuwa bado kwenye faili. Akaenda kuiulizia mara ya kwanza, ya pili. Mara ya tatu Daktari Reverien aliitoa, akaichana mbele yake.

"Haya, umeridhika?"

"Bado, daktari. Niliandikwa kwamba nina makosa. Naomba niandikwe kwamba sina."

Daktari akavuta karatasi. Aliandika mistari minne kwa mkono: gari lilifanyiwa marekebisho bila idhini, dereva alitoa taarifa akapuuzwa, uamuzi wake uliokoa watu. Esteria aliisoma mpaka mwisho, akamrudishia.

"Muhuri, daktari."

Akapigiwa muhuri. Akaikunja, akaitia kwenye blauzi, akaenda kukagua mafuta na matairi, maana Nyabibuye kulikuwa na mgonjwa anasubiri.