Mama Aliyefia Ghalani

Juzi mjukuu wangu alinionyesha kwenye simu picha ya bibi kizee wa Kibengali. Alisema zamani bibi huyo alikuwa mwigizaji, halafu akawa mwongozaji wa filamu, akiwafundisha wengine namna ya kulia na namna ya kufa. Nilimtambua kwa yale macho.

Nilimwona mara ya kwanza nikiwa mtoto mdogo, Jumamosi moja mchana, kwenye ghala la kahawa la Mhindi mwenye duka, pale kijijini kwetu Kimuli. Milango ilifungwa, shuka jeupe likatundikwa ukutani, mashine ikanguruma nje. Palinuka maganda ya kahawa na mafuta ya taa. Pale kwenye shuka yule mwanamke alikohoa, akalala kitandani, akafa. Nilikimbia nyumbani.

“Mama, kuna mama amefia kwa Mhindi.”

Mama alikuwa anapalilia migomba. Aliweka jembe chini.

“Mtu akifa jirani hatulimi, mwanangu,” alisema, na siku ile hakulishika tena.

Jumamosi iliyofuata Mhindi alionyesha sinema ile ile, nami nikamkuta yule mwanamke mzima, anachana nywele. Nilimweleza mama.

“Basi tumshukuru Mungu,” alisema, akaendelea kupalilia.

Kabla ya mavuno ya kahawa mama alishikwa na kikohozi, akafa. Kijiji kizima kiliweka majembe chini. Shangazi alinishika bega, akaniuliza mbona silii. Nilikuwa nahesabu siku zilizobaki kufika Jumamosi.