Kijana Aliyekatazwa Kisu

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vya kwendea kanisani, na kabla ya saa nne nilikuwa nimeshavivua. Ilikuwa kwenye nyumba ya wageni karibu na stesheni ya Mpanda, tukiwa bado Mkoa wa Rukwa. Mpishi Mkuu wa pale alikuwa mzee aliyewahi kupika mgodini. Hakunipeleka kwenye moto. Alinipa ungo na gunia la mchele, akaniambia nichague mawe, nami nikachagua mpaka jioni. Akauchota kwa kiganja, akautawanya, akapata jiwe moja. Akasema, "Binti, mgeni akivunja jino kwa hili, kesho hakumbuki kama nyama ilikuwa tamu." Kesho yake akanirudisha kwenye ungo.

Ndivyo kazi ilivyofundishwa wakati ule. Kwa sisi wa darasa la saba hapakuwa na cheti. Ulianza na ungo, ukaja kuosha masufuria, kisha kuchochea kuni, na mwiko ulipewa ukiwa umeshaanza kukata tamaa. Pale nilijifunza kupalia wali, yaani maji yakikauka unapunguza moto wa chini na kuweka makaa juu ya mfuniko, wali uive kwa joto la juu na la chini. Baadaye nilihamia jiko la hospitali moja ya misheni, chini ya Sista Msimamizi, mama mkali aliyenifundisha kuwapikia wagonjwa wa presha bila chumvi na bado sahani zikarudi tupu. Sijui kama nilikuwa mpishi mzuri. Nilikuwa mpishi asiyechelewa, hilo naweza kulisema bila kuona haya.

Miaka ya tisini ilipoanza niliitwa kufundisha kwenye kituo cha vijana pembezoni mwa mji. Nyumba ilikuwa ya kanisa, lakini vijana waliletwa na afisa ustawi wa jamii, ambaye sote tulimwita Bwana Ustawi. Utaratibu ulikuwa hivi: kijana akitiwa hatiani, na hakimu akiona bado anafaa kurekebishika, hapelekwi gerezani. Anawekwa chini ya uangalizi, anafundishwa kazi, na muda ukiisha anarudi mbele ya hakimu pamoja na maneno ya wakubwa wake. Maneno yakiwa mazuri, anaachiwa. Yakiwa mabaya, anakwenda kutumikia kifungo. Kazi ya kituo chetu ilikuwa upishi. Tuliuza chakula cha mchana, na tulichukua oda za harusi na mikutano.

Ramadhani alifika na mfuko wa rambo na macho ya kutazama chini. Alikuwa kijana wa Ikola, ziwani, mwenye umri wa kuoa kama angekuwa na amani. Yeye na mwenzake aitwaye Petro waligombania nyavu, maneno yakazidi, na Ramadhani alikuwa ameshika kisu cha kupasulia samaki. Alimkata Petro mkono wa kulia. Petro alipona, ila si mkono wote.

Mkuu wa Kituo alimpokea vizuri, akampa kitanda na sabuni, kisha akaniambia mbele yake, "Mama Gaudensia, huyu mfundishe kila kitu isipokuwa kisu. Asikiguse."

Niliona kama amri ya kuchekesha. Fundi cherehani utamfundishaje bila mkasi? Lakini lazima niseme na upande wa Mkuu. Kabla sijaja, wanafunzi wawili walikuwa wamegombana jikoni mle mle, na msichana mmoja akachanwa shavu kwa kisu. Mkuu ndiye aliyembeba mikononi kumkimbiza hospitali, shati lote likalowa. Mtu aliyepita hapo huwezi kumwita mwoga.

Basi tukaanza upishi bila kisu. Mchicha Ramadhani aliuchambua kwa vidole. Kisamvu alikitwanga. Nyanya aliziponda kiganjani, viazi tulivichemsha na maganda akavimenya vikiwa bado vinafuka, na vitunguu alivitwanga kwenye kinu mpaka jiko zima likatoa machozi. Chapati zake za kusukuma zilizidi zangu kwa ulaini. Wenzake hawakumwacha. Alikuwepo Nyamizi, aliyeletwa kwa kosa la kuiba doti za vitenge, msichana mwenye mdomo usiolala. Alimwambia, "Rama, siku ya harusi yako keki utamkatia bibi harusi kwa meno?"

"Nitaitwanga," Ramadhani akajibu. "Utakula unga wa keki kwa kijiko, na utasifia."

Muda wake ulipokaribia kuisha nilianza kukosa usingizi. Nilimfuata Mkuu ofisini nikamuuliza atasema nini kwa hakimu. Akavua miwani.

"Hakimu ataniuliza swali moja tu, Mama. Ataniuliza kama huyu kijana naweza kumwacha na kisu. Nitajibu nini? Sijamwona nacho."

"Hujamwona kwa sababu hatujampa."

"Najua," akasema. "Sijui pa kuanzia."

Nami sikujua. Hata mimi, kama ningeulizwa niape, nisingeapa.

Hapa nieleze jambo ambalo kila mpishi wa kwetu analijua. Huku Mpanda wengi ni Wakristo, lakini ukipikia watu wa kuchanganyika, kuku au mbuzi lazima achinjwe na Mwislamu, ili kila mgeni ale bila wasiwasi. Hakuna sheria ya serikali inayosema hivyo. Ni heshima tu. Sisi tulikuwa na Mzee Jumanne wa sokoni, aliyekuja asubuhi kutuchinjia, akanywa chai yetu, akaikosoa, akaondoka.

Ikaja oda ya harusi kubwa, bwana harusi Mkristo wa Litapunga, bibi harusi wa familia ya Kiislamu iliyokuwa bado njiani kutoka mbali. Walitaka pilau na kuku, na kuku walikuwa wameshaletwa, wamefungwa miguu nyuma ya jiko. Asubuhi ile Mzee Jumanne hakutokea. Alishikwa na homa. Waislamu wengine tuliowafahamu walikuwa wamepanda lori kwenda mazikoni Kasansa. Mkuu alizunguka sokoni kote akarudi mikono mitupu. Mimi nikamtuma Nyamizi kwa mzee kuuliza yupi mwingine tumtafute. Akarudi anahema.

"Mzee anasema mnahangaika nini na Mwislamu mnaye jikoni? Tena kila siku anamaliza ugali wenu."

Tukageuka wote kumtazama Ramadhani, aliyekuwa anatwanga vitunguu. Mchi ukasimama.

Mkuu akaniambia, "Wewe ndiye unayekaa naye. Sema."

Niliogopa, sitaficha. Nikasema apewe, mimi nitasimama kando yake. Mkuu akainamisha kichwa kukubali. Nilidhani Ramadhani atafurahi.

"Hapana, mama," akasema. "Sitaki."

Nikamuuliza kwa nini, na mlango ndio huu umefunguliwa.

"Hii amri inanifaa. Nikilala usiku najua leo sikushika. Nikishika, nitajuaje itakavyokuwa?"

Muda wote ule nilidhani amri inamwonea. Kumbe yeye alikuwa ameiegemea, kama mtu anavyoegemea ukuta akiwa mgonjwa. Mkuu akasema kwa sauti ya chini kwamba basi, kijana asilazimishwe, twende tukawaombe radhi wenye harusi. Nami naandika hilo kwa sababu wengi waliomsema Mkuu kuwa ni mtu wa amri hawakumsikia siku ile.

Tukiwa bado tumesimama, tukasikia baiskeli. Mzee Jumanne alikuwa amekalishwa nyuma na mjukuu wake, kajifunga blanketi, meno yanagongana kwa baridi ya homa.

"Nyie mnataka nife huku mnajadiliana," akasema. Hakusubiri shikamoo zetu. Mikono yake ilitetemeka, kisu asingeweza kukishika. Akaketi kwenye gogo la kuni, akamwita Ramadhani, akamuuliza anaogopa nini.

"Hasira, mzee."

"Una hasira na kuku?"

Nyamizi alicheka mpaka akashika ukuta, na Ramadhani mwenyewe kicheko kikamponyoka. Mzee hakucheka.

"Sikiliza. Mimi nikiamka nimegombana na mke wangu, sichinji. Nakaa nje mpaka ishuke. Ndiyo maana siku nyingine hawa wananilaumu nachelewa. Chukua kinoo, noa kwanza. Kisu butu ni dhuluma kwa kiumbe. Halafu unataja jina la Mungu, ndipo mkono unashuka. Ukiona jina halitoki, weka kisu chini, rudi kwenye vitunguu vyako. Hakuna atakayekucheka. Huyu binti nitamfunga mdomo mimi."

Ramadhani alinitazama. Nikakichukua kisu kabatini, nikampa. Alinoa kwenye kinoo, jiwe lile la kunolea, taratibu kuliko nilivyowahi kuona mtu akinoa. Mzee akajaribu makali kwa ukucha, akamrudisha anoe tena. Kisha Mkuu mwenyewe akashika kuku wa kwanza. Ramadhani akainama. Alikaa hivyo, kisu kimesimama hewani, na mimi niliyeahidi kusimama kando yake nikasogea hatua moja karibu. Ndipo tukamsikia akitaja, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayebisha hodi. Mkono ukashuka mara moja.

Alichinja wote. Kila mara alitaja, kila mara tulisubiri. Alipomaliza alikiosha kisu, akakifuta, akampelekea Mkuu, mpini mbele.

Mkuu hakukipokea.

"Mpelekee mama," akasema. "Kuku hawajakatwa."

Ndiyo siku niliyomfundisha kukata kuku kwa viungo, yaani kutafuta kwa kidole mahali mfupa unapokutana na mfupa, kisu kipite bila nguvu. Pilau ilichelewa kidogo. Wenye harusi walinung'unika, wakala, wakanyamaza.

Mbele ya hakimu Mkuu alieleza alichokiona, hakuongeza. Bwana Ustawi alituambia baadaye kwamba hakimu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamwachia kijana huru. Ramadhani alipika kwa watu pale mjini kwa muda, akarudi Ikola, akafungua mgahawa wake.

Sasa nimestaafu. Vijana wa upishi wanakuja kuniuliza ujana wa kazi ulikuwaje, na wakisikia habari hii wananisifu kwamba nilimjua yule kijana. Sikumjua. Nilikisia, na mwenye kujua alikuwa mgonjwa wa homa aliyepanda baiskeli. Na sikumjua kwa jambo jingine pia.

Nilipokwenda Ikola kumsalimia Ramadhani, nilikula kwake ugali na samaki wa kuunga kwa karanga, chakula cha haki kabisa. Lakini niliona si vizuri kula hapa nikampita Petro pale. Nikaenda. Nilimkuta anageuza dagaa juani kwa mkono wa kushoto, vidole viwili vya mkono wa kulia vimebaki vimenyooka. Aliniamkia kwa heshima, akanipa kigoda.

"Nasikia mlimfundisha vizuri," akasema.

"Tulijaribu, baba."

"Sina neno naye. Ila nikimwona na kisu, mama, mwili wangu unakumbuka. Siwezi kukaa pale nikala."

Nikamwambia ana haki, na sikumwomba chochote. Ramadhani alipoachiwa, hakimu hakupata nafasi ya kumuuliza yeye, wala sisi hatukumuuliza.

Jioni Ramadhani alitaka kujua tulizungumza nini, nikamwambia yote. Aliendelea kukanda unga.

"Najua, mama. Njia yake ya kwenda kwenye mitumbwi inapita hapa mbele. Tangu nifungue, naamka mapema nakata kila kitu, nyama, vitunguu, samaki. Jua likitoka kisu kiko ndani."

Asubuhi niliketi nje nikangoja. Petro alipita na ndoo yake, akageuza uso kidogo upande wetu, akasalimia kwa kichwa. Ramadhani akaitikia. Alikuwa anasonga ugali, mikono yake yote miwili iko kwenye mwiko.